Hodi ya Ghorofa ya Pili

Tarehe 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ulisema simu inakulilia sikioni kama mbu, basi nakuandikia, usije ukalalamika tena kwamba nimekutupa.

Nina habari, na uketi kwanza. Unakumbuka kile kiwanja chembamba katikati ya mji, kati ya kiwanda cha uchapaji na duka la dawa, mlipokaa wewe na marehemu baba mkiwa watoto? Ofisi yetu imepewa kazi ya kupajenga. Na mchoraji ni mimi! Ghorofa nne, nyumba kumi za familia, duka chini, na uwazi katikati wa kushusha mwanga mpaka chini. Miaka hamsini na moja kiwanja kimekuwa maegesho ya magari na jalala la paka, na sasa mji unafufuka, kila mtu anataka kurudi katikati. Upana wake ni mita nane na nusu tu. Wenzangu wanasema nimepewa kujenga kabati.

Lakini hujasikia lililonifurahisha. Nyumba yenu bado ipo, Shangazi. Mlipohama ilibomolewa, ila kuta za majirani zilibaki na alama zake. Ukisimama ndani ya uzio unaona ngazi zilivyopanda kwa mshazari, meno kwa meno, kwenye ukuta wa kiwanda. Unaona masizi ya jiko. Ghorofa ya pili kuna chumba cha rangi ya kijani, na misumari bado imo ukutani. Nadhani ndicho chumba cha yule fundi cherehani mlemavu wa mguu aliyekuwa akimpa baba vifungo vya kuchezea, Fundi Sindano. Baba alisema mlipohama yeye alikwenda kwa jamaa zake.

Nimekwisha amua: ngazi zangu zitapita zilipopita zenu, na milango ikae ilipokaa. Na nyumba moja ya ghorofa ya pili nimekuombea wewe. Umekaa peke yako huko mbali vya kutosha tangu mumeo afariki. Usinijibu "hapana" kabla hujafikiri.

Cha kuchekesha: tulipoingia mara ya kwanza, mwenzangu wa ofisini, ambaye tunamwita Domokaya kwa kuwa hana siri, alipiga hodi tatu kwenye mabati ya uzio kwa utani. Akaitikiwa "Karibu." Tukamtafuta mlinzi tumsalimie. Hakuna mlinzi.

Mwanao,
Rula


Tarehe 19 Februari

Rula,

Marahaba. Hongera, mwanangu. Baba yako angetembea mtaani akimshika kila mtu shati amweleze. Mimi ndiye niliyekupa jina hilo la Rula ulipokuwa unapima hata chapati, kwa hiyo sehemu ya sifa ni yangu.

Sasa nisikilize. Mimi ni mzee, magoti yangu yanalia kuliko mlango, sipandi ghorofa. Nyumba uliyoniombea mpe mwenye watoto. Na kama una heshima kwangu, ngazi hizo zisogeze. Weka upande wa duka la dawa. Hapo ghorofa ya pili, kwenye hiyo rangi ya kijani, weka stoo, weka matangi ya maji, weka chochote kisichokuwa mtu. Usiniulize kwa nini. Si kila kilichopita kinataka kurudishwa.

Na mwambie huyo Domokaya kiwanja hakina mlango, basi hakipigiwi hodi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umenikaripia kama niko darasa la tatu! Ngazi haziwezi kuhamia upande wa duka la dawa, huko msingi wa jirani umeingia kwetu na mhandisi hataki hata kuusikia. Zaidi ya hapo, ninazipenda hapo zilipo.

Ila nina jambo la ajabu la kukusimulia, maana hapa nikilisimulia nitachekwa.

Jana tulikuwa tunapima ukuta wa kiwanda, alama kwa alama. Kazi hiyo ina mtindo wake: anayeshika tepu anataja namba kwa sauti, anayeandika anairudia kwa sauti hiyo hiyo, ndipo mnajua hamjakosea. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, juu ya jukwaa la mabomba, usawa wa chumba cha kijani. Domokaya alikuwa karibu na barabara na daftari lake, na katikati yetu pamesimama rundo la mabati, sikumwona. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali.

Nikataja, "Mbili nukta moja tano." Sauti ikarudia, taratibu, "Kumi na nne." Nikasema, "Hapana, mbili nukta moja tano." Ikasema, "Thelathini na mbili." Nikajua ananitania. Nikazidi kutaja, naye akazidi: "Ishirini na nne. Arobaini na moja." Kisha kama mtu mwenye pini mdomoni, "Usipumue kwanza."

Niliziandika kiganjani nimwoneshe jinsi alivyonipotezea muda. Nikateremka. Shangazi, Domokaya hakuwepo. Alikuwa amekwenda kununua penseli, na muuza duka ameshuhudia alisimama pale robo saa nzima akipiga soga. Daftari lilikuwa juu ya tofali, ukurasa mweupe.

Namba ni hizi: 14, 32, 24, 41. Si mita, si sentimita. Domokaya anasema labda ni inchi. Wewe zinakukumbusha chochote? Labda namba za milango ya zamani?

Rula wako


Tarehe 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Miezi miwili kasoro, na hujanijibu. Nimempigia jirani yako, anasema unamwagilia maua na unaenda sokoni kama kawaida, kwa hiyo huumwi, umeninunia tu. Kwa lipi? Kama ni zile ngazi, naomba radhi, lakini michoro imekwisha pitishwa na manispaa na msingi umemwagwa. Mlango wa nyumba yako (bado naiita yako) umekaa sentimita kwa sentimita ulipokuwa mlango wa chumba cha kijani. Niliona ni heshima.

Sasa nianze kusema ukweli: siioni tena kama heshima. Naogopa.

Sakafu ya ghorofa ya pili ilipomwagwa tuliifunika, tukaiacha ikauke. Asubuhi mafundi walipofunua walikuta michoro ya chaki juu yake. Mafundi wetu hupiga mistari iliyonyooka, kwa uzi. Hii ilikuwa imepinda, mizuri, kama imechorwa kwa mkono mmoja bila kuinua. Msimamizi aliwafokea, ikafutwa. Kesho yake ipo tena. Nikaipiga picha, na Domokaya akaenda kumwonesha mkewe ambaye hushona. Mkewe akasema, "Huu ni mkono wa gauni. Na huu ni mgongo. Ni gauni la msichana mwembamba."

Mafundi wawili wameacha kazi. Waliobaki wana desturi yao sasa, hakuna anayepanda ghorofa ya pili bila kupiga hodi chini ya ngazi. Wanasema ukipiga moja hujibiwi. Ukipiga mbili hujibiwi. Hawapigi ya tatu.

Nilimwuliza msimamizi kwa nini hawapigi ya tatu, akaniangalia kama mimi ndiye mjinga.

Shangazi, wewe unajua kitu. Tangu barua ya kwanza ulikuwa unajua. Nijibu, tafadhali. Mwezi ujao tunafunga ukuta wa chumba kile, na sitaki kumfungia mtu ndani.

Rula


Tarehe 8 Mei

Rula, mwanangu,

Hayo maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha mezani. Nimeanza barua hii mara sita.

Kumi na nne ni mabega. Thelathini na mbili ni kifua. Ishirini na nne ni kiuno, na arobaini na moja ni urefu, kuanzia begani mpaka chini ya goti. Ni mimi huyo, nikiwa na miaka kumi na saba. Fundi Sindano alikuwa ananishonea gauni la kuanzia kazi, na alinipima mlangoni kwake, kwa sababu ndani cherehani ilijaa chumba chote. "Usipumue kwanza," ndivyo alivyokuwa akisema, na pini mdomoni.

Tulipewa siku moja ya kuhama. Waliotaka kujenga pale walikuwa na haraka, ingawa hawakujenga. Familia zote nane zilipakia vitu vyao asubuhi. Fundi alikuwa na mguu mmoja mbovu na masikio mazito; kushuka ngazi kulimchukua robo saa, tena akishika bega la mtu. Aliniomba mimi. Alisema, "Lori likija, binti, nipigie hodi mlangoni, unishushe. Mimi nitakaa nimalizie pindo lako." Nikasema ndiyo, fundi.

Lori likaja. Kiti cha mbele karibu na dereva kilikuwa kimoja, na binamu zangu walikwisha kukitolea macho. Rula, ni kiti. Miaka hamsini na moja nimetafuta sababu kubwa kuliko hiyo na sijaiona. Niliingia mpaka chini ya ngazi, nikapiga hodi moja. Moja, tena kwa sauti ya kutimiza wajibu, huku nikijua kabisa kwamba hasikii mpaka umsimamie mlangoni. Nikatoka mbio. Msimamizi wa wabomoaji akaniuliza, "Juu kuna mtu?" Nikamwambia, "Nimepiga hodi mara tatu. Hakuna mtu."

Unajua hodi tatu ni nini. Aliyepiga hodi tatu hana lawama. Yule bwana aliniamini, na mimi ningekuwa yeye ningeamini. Nikapanda lori nikakaa mbele.

Walianza kubomoa mchana ule ule, tukiwa bado hatujavuka mji.

Siku ya tatu ndipo baba yako, mtoto wa miaka mitano, aliuliza mzee wa vifungo yuko wapi. Nikamjibu amekwenda kwa jamaa zake. Hiyo ya jamaa niliitunga mimi, na kila mtu akaipokea, kwa kuwa kila mtu alikuwa na shida zake. Fundi hakuwa na jamaa. Mwaka mzima nilikuwa nikimtafuta kwa macho kila penye cherehani.

Sasa umejua kwa nini sikutaka kupanda ngazi zako. Magoti ni kisingizio. Waambie wanaohusika, nitasimama mbele yao. Nilipaswa kusema zamani. Mficha uchi hazai, na mimi, kama ulivyoona, sikuzaa.

Shangazi yako


Tarehe 27 Mei

Shangazi,

Sijui nianzeje. Nimekukasirikia. Nilikukasirikia siku tatu nikashindwa kula, kisha nikakuonea huruma, kisha nikakasirika tena. Nakuandikia katikati ya hayo yote, kwa hiyo nisamehe maneno yakikosa mpangilio.

Nilisimamisha kazi. Nilikwenda manispaa na polisi na barua yako, kama ulivyoniruhusu. Walipekua kumbukumbu zao, imeandikwa: "Nyumba ilikuwa tupu." Wameongeza ukurasa sasa, na watakuja kukuhoji huko huko. Afisa aliyenihudumia alikuwa mpole, alisema msimamizi wa wabomoaji alikufa zamani.

Tukachimba nyuma ya msingi, sehemu ambayo haikuguswa. Tumepata gurudumu la cherehani. Tumepata mkasi, kutu tupu, na chaki ya fundi ndani ya kopo, kavu na nzima. Mifupa hatujapata. Kifusi kile kilibebwa chote kwa malori wiki ile, na hakuna ajuaye kilimwagwa wapi.

Nimeruhusiwa kuendelea na ujenzi. Ukuta wa chumba cha kijani nimekataa kuufunika, nimeuacha na misumari yake, kuta nyingine tatu zitakuwa nyeupe. Wakubwa ofisini wameniuliza ndiyo fasheni gani. Nikawaambia ndiyo hiyo.

Michoro ya chaki imeacha kutokea tangu tuliposoma barua yako pale juu kwa sauti, mimi na Domokaya. Lakini hodi bado. Juzi nilipiga mwenyewe. Moja, kimya. Mbili, kimya. Ya tatu sikuipiga, Shangazi. Nilihisi mtu ameinua kichwa kunisikiliza. Nikajua anayemsubiri si mimi.

Nakupenda, na nimekukasirikia. Yote mawili ni kweli.

Rula


Tarehe 6 Juni

Rula,

Barua yako nimeisoma na kuikunja, nimeisoma na kuikunja, sasa imechanika kwenye mikunjo.

Kumbe lori lilimchukua, ila si lile alilokuwa akilisubiri.

Polisi walikuja, vijana wawili wenye adabu. Niliwaambia yote, pamoja na kile kiti. Mmoja wao aliacha kuandika nilipofika kwenye kiti.

Endelea kunikasirikia, usijilazimishe. Lakini nyumba ile kama hujampa mtu, iweke. Nitakuja ikiisha. Nitapanda mwenyewe, na sitaki mtu nyuma yangu.

Shangazi yako


Tarehe 14 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Imeisha. Ofisi imenituma mji mwingine kwa kazi mpya wiki mbili, sikuweza kuahirisha, na moyoni nadhani ndivyo ulivyotaka. Ufunguo uko kwa muuza duka wa chini, mwambie wewe ni shangazi wa Rula. Kitanda, meza na jiko vimo. Wapangaji wengine wanahamia mwezi ujao, kwa hiyo jengo zima litakuwa lako, ujinafasi. Reli ya ngazi nimeiweka pande zote mbili kwa ajili ya magoti, yawe kisingizio yasiwe.

Niandikie siku hiyo hiyo ukifika. Nitakuwa nimekaa juu ya miiba.

Rula


Tarehe 21 Novemba

Rula wangu,

Marahaba. Nimefika saa nne asubuhi. Nakuandikia mezani kwako, dirishani kwako. Mwanga wako unashuka vizuri, hukunidanganya.

Nilisimama chini ya ngazi pale pale. Muuza duka alitaka kunibebea begi, nikamkatalia. Kupanda kulinichukua robo saa nzima, na nilipofika katikati nilicheka peke yangu, kwa kuwa ndio mwendo wa fundi kabisa, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine uufuate. Niliogopa sana, mwanangu.

Sikupiga hodi chini. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikausogelea, nikapiga kwa sauti ya kumfikia mtu mwenye masikio mazito. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya, ila ndani kitu kilichokuwa kikizunguka kikasimama. Nikavuta pumzi, nikapiga ya tatu.

"Karibu."

Nilifungua. Chumba kilikuwa kitupu, kuta nyeupe na ule mmoja wa kijani. Palinuka pasi ya moto. Nikiwa bado kizingitini, sauti ikasema karibu na sikio langu, "Simama wima." Nikasimama. Nilihisi futi ikipita mabegani, kifuani, kiunoni, ya kitambaa, baridi. "Kumi na sita," akasema. "Arobaini na nne. Arobaini na moja." Futi ikakunjwa. "Umeongezeka, binti." Rula, nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Nikamwambia maisha yameniongeza, fundi.

Akauliza, "Lori limekuja?"

Nikasema, "Limekuja. Limekuja zamani. Mimi ndiye ambaye sikuja." Nikamwambia habari ya kiti. Nikamwambia habari ya hodi moja niliyoiita tatu. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Mkono ukanikaa begani, mzito, nikageuka tukaanza kushuka.

Nilimtajia kila ngazi kwa sauti, kama ninyi mnavyotaja vipimo vyenu, naye akairudia. Moja, moja. Mbili, mbili. Mpaka chini. Mlango wa mtaani nilimfungulia kwa mkono wa kushoto ili bega la kulia, alilolishika, lisitikisike. Nje watu walikuwa wanapita na mikoba yao, mtu anaosha kioo cha duka. Mkono ulikaa kidogo tu, kisha bega langu likawa jepesi.

Nimevaa gauni langu jeusi leo. Begani pana vidole vitano vya chaki. Sijavipangusa, utakuja uvione.

Nimepanda tena, polepole. Nitakaa humu, nimekwisha panga vikombe. Kuhusu wewe na hasira zako, njoo nazo, kitanda kinatosha.

Nilikuwa nafunga barua hapa, Rula, na kuna mtu amepiga hodi mlangoni. Wewe unasema wapangaji wengine ni mwezi ujao, na muuza duka amefunga kwenda kula, kwa hiyo simjui ni nani. Nimemwitikia kabla hajamaliza neno; yeyote awaye, hodi moja inamtosha.

Shangazi yako